Somo la Mimea ya Dawa Ipandwayo Uani, na Hukumu za Kuitumia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mmea, akatia katika mwengine chakula, na katika mwengine dawa, na katika mwengine sumu. Kisha akampa mwanadamu akili ya kupambanua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya haya, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kujitibu ni jambo la sunna katika madhehebu ya Imam Shafii, Mungu amrehemu. Hivi ndivyo alivyoandika Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Al-Majmuu. Na dalili yake ni Hadithi zilizopokewa na wengi, ambamo Mtume aliwaamrisha watu wajitibu, na akawapa khabari kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa yake. Basi mwenye kusema, “Mimi namtegemea Mungu, sihitaji dawa,” na huku akila anapoona njaa na akinywa anapoona kiu, maneno yake hayasimami. Njaa ina dawa yake na homa ina dawa yake, na aliyeziumba zote mbili ni mmoja.

Wala elimu ya dawa si elimu duni, wala si ya wapiga ramli. Imam Shafii mwenyewe imepokewa kwamba aliisifu tiba, na akasikitika kuona Waislamu wa zama zake wameipuuza. Ibn al-Nafis, aliyekufa Misri mwaka 687 wa Hijra (1288), alikuwa tabibu mkubwa, na pamoja na hayo alikuwa akisomesha fikihi ya Shafii katika madrasa ya Kairo. Ibn al-Baitar wa Malaga, aliyekufa Damascus mwaka 646 (1248), alizunguka nchi nyingi kutazama mimea kwa macho yake, kisha akakusanya kitabu chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Hawa walitazama, wakaonja, wakapima, ndipo wakaandika. Mtu wa leo husikia neno sokoni asubuhi, na jioni humnywesha mwanawe.

Na katika mlango huu watu wamezidisha sana. Habasoda ni Hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna ponya ya kila maradhi ila mauti. Lakini wanavyuoni kama Al-Khattabi wameeleza kuwa tamko hili ni la jumla, na makusudio yake ni baadhi ya maradhi, yale ambayo tabia ya habasoda inaelekeana nayo. Basi si haki ya mtu kuuza chupa ya mafuta ya habasoda na kumwambia mwenye kisukari aache dawa yake. Na ziko Hadithi za uongo zilizozuliwa katika kusifu vyakula. Mashuhuri katika hizo ni ile ya bilingani, kuwa huponya kila lililoliwa kwa ajili yake. Walioipima Hadithi hii wamesema ni ya kuzuliwa. Bilingani ni mboga njema, lakini haikuhitaji kusingiziwa Mtume. Hata jina la mwarobaini, watu husema umeitwa hivyo kwa kuwa unatibu maradhi arubaini: hesabu hiyo ni ya watu, haikutoka katika sharia wala katika vitabu vya matabibu, na mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi.

Tuje sasa katika kupanda. Mwenye ua, ijapokuwa ni wa hatua tano kwa tano, aweza kupata humo dawa za kumtosha kwa mambo madogo ya nyumba. Na ana thawabu juu ya hayo, kwani imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo mtu au ndege au mnyama, basi huwa ni sadaka yake.

Mchaichai ndio mwepesi kuliko yote. Huchukuliwa shina moja lenye mzizi kutoka katika kichaka cha jirani, majani yakakatwa juu, likafukiwa penye jua. Baada ya miezi michache huwa kichaka kizima, na huvunwa kwa kukata majani karibu na chini, nao huchipua tena. Maji yake ya moto hutuliza tumbo lililojaa upepo. Mrehani hutoka katika mbegu, wapenda jua na maji ya kila siku. Na siri yake ni kukatwa vichwa kila unapotaka kutoa maua, maana ukishazaa mbegu majani hupungua na mti huzeeka. Mkata mrehani kwa ajili ya kikuba basi anautumikia mti wake bila ya kujua. Nanaa haifai kuachiwa ardhi, kwani mizizi yake hutambaa ikawadhulumu wenziwe. Yatosha kuipanda katika debe lililotobolewa chini, kivulini kidogo. Debe hilo lisiwe limetiwa dawa ya wadudu wala mafuta ya gari, ijapokuwa limeoshwa mara saba.

Tangawizi na manjano hupandwa kwa vipande vyenye jicho, mwanzo wa mvua, katika udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza, penye kivuli kiasi. Huchukua miezi minane mpaka kumi, na alama ya kuiva ni majani kukauka. Na aliyepanda manjano yake mwenyewe amepata amani kubwa, kwa sababu unga wa sokoni waweza kutiwa rangi ili upendeze, na katika baadhi ya nchi imeonekana rangi hiyo ina risasi, nayo ni sumu ya ubongo wa watoto. Mshubiri hutaka mchanga na maji machache. Wanaokufa mishubiri yao wengi wao wameizamisha kwa mapenzi. Mwarobaini na mpera na mkunazi ni miti mikubwa, ipandwe mbali na ukuta na kisima, wala matawi yake yasipite juu ya paa la jirani, kwani jirani ana haki ya kutaka yaondolewe. Ama habasoda na kitunguu saumu si mimea ya joto la pwani; vinunuliwe.

Majani yatakayowekwa akiba yaanikwe kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua kali huondoa harufu, na ndani ya harufu ndimo yalimo mafuta yake. Yakishakauka hata yakavunjika mkononi, yatiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, na juu yake pabandikwe karatasi yenye jina la mmea na tarehe. Yakiota ukungu hutupwa, wala hayachaguliwi.

Na jambo la jina si dogo. Mmea mmoja huitwa hivi Mombasa, vingine Unguja, na vingine Tanga. Na jina moja huitiwa mimea miwili. Mbarika, wengine huuita mbono, na mbono kaburi ni mti mwengine kabisa, na mbegu za yote miwili ni sumu. Mafuta ya mbarika yaliyotengenezwa sawasawa hutumika kwa kuharisha, lakini mbegu chache zikitafunwa zaweza kumuua mtoto. Na mnanaha una maua mazuri meupe, lakini huharibu akili na waweza kuua. Kwa hiyo asiyeujua mmea kwa macho yake mwenyewe, au kwa mtu aliyeulea, asiuchume kwa kusikia jina.

Kanuni ya madhehebu yetu katika mimea ni kuwa yote ni tohara, na kuila ni halali, ila ile inayolevya au inayodhuru. Bangi na mnanaha si najsi, nguo ikiguswa nayo haikunajisika, lakini kuila ni haramu. Na kinachodhuru huwa haramu kwa kadiri ya dhara yake. Basi mmea mmoja waweza kuwa halali kwa kijiko na haramu kwa bakuli, halali kwa mzee na haramu kwa mwenye mimba. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume alimuuliza Asmaa binti Umais anatumia nini kwa kuharisha, akataja shubrumu, naye ni mmea mkali. Mtume akaukataa kwa ukali wake, kisha Asmaa akatumia sanamaki. Katika khabari hii mna fikihi nyingi. Dawa ikiwa ni dawa kweli, bado huulizwa: ni kali au laini, na ya nani? Utomvu wa manjano wa mshubiri ni wa kuharisha kwa nguvu, basi asipewe mwenye mimba wala mtoto. Na uteute mweupe wa ndani, uliooshwa, ndio upakwao juu ya ngozi iliyoungua kidogo. Sanamaki haitumiwi siku nyingi mfululizo. Uwatu hupunguza sukari ya damu, na kwa hiyo atumiaye dawa ya kisukari amwambie daktari wake kabla ya kuuzoea. Na vitunguu saumu vingi, mbali na vile vya mchuzi, humdhuru mwenye dawa za kuyeyusha damu, na aachane navyo kabla ya kupasuliwa.

Watoto wachanga wana hukumu yao. Mafuta ya mwarobaini hawanyweshwi kabisa. Wameonekana watoto waliopata degedege na wengine wakafa kwa hayo. Na asali, ingawa Mwenyezi Mungu ameitaja kuwa mna ndani yake ponya kwa watu, madaktari wameikataza kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo lake halijaweza kukishinda. Mtu asione hili linapingana na sunna ya kumpaka mtoto utamu kinywani anapozaliwa, kwani sunna hiyo imekuja kwa tende iliyotafunwa ikalainika, na tende zipo.

Hapa ndipo penye mas-ala makubwa ya somo hili. Mtoto huamka na homa usiku. Nyumbani mna kivumbasi, mwarobaini na mchaichai, na mna bibi mwenye huruma. Majani huchemshwa, mtoto akaogeshwa, akafunikwa, akanyweshwa. Siku ya kwanza ikapita na ya pili ikapita. Siku ya tatu akakakamaa na kupindua macho. Hapo husemwa, “Hii ni degedege, mambo ya nyuni, na mwenye degedege akichomwa sindano hufa.” Basi hufukizwa tena, na huitwa mganga. Maneno haya yameua watoto wengi wa pwani na wa bara. Mara nyingi degedege ile ni malaria iliyokwisha panda kichwani, na wale waliokufa baada ya sindano walikuwa wamefikishwa hospitali roho zikiwa kooni. Sindano haikuwaua, waliuawa na zile siku tatu.

Basi ijulikane: mtoto wa chini ya miaka 5 akipata homa katika nchi yenye malaria, hupelekwa kupimwa damu siku ile ile, zisipite saa 24. Na akikataa kunyonya, au akatapika kila anachopewa, au akalegea asiamke, au akashikwa na degedege, haingojewi asubuhi. Kumpoza kwa maji ni jambo jema, na Hadithi ya kuipoza homa kwa maji imo katika Bukhari na Muslim, lakini humpozi ili abaki nyumbani. Wala asijione mtu amekhini mimea akienda hospitali. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Na dawa ya malaria inayotumika sasa asili yake ni mmea wa China; bibi mtaalamu Tu Youyou na wenziwe waliitoa humo mwaka 1972, baada ya kusoma kitabu cha kale cha matabibu wa kwao, na mwaka 2015 akapewa zawadi ya Nobel. Mmea ni huo huo, ila umepimwa, ukajulikana kiasi chake.

Na mfano wa hayo ni kuharisha. Majani machanga ya mpera yaliyochemshwa ni dawa ya zamani na ina faida kwa mtu mzima, lakini mtoto anayeharisha huuawa na ukavu wa mwili. Dawa yake ya kwanza ni maji: katika lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, akanyweshwa kidogo kidogo kila anapoharisha, huku akiendelea kunyonya. Kikitoka choo chenye damu, au macho yakadidimia, hupelekwa kwa daktari.

Kufukiza nako kuna khatari isiyotajwa. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, watu wengi katika Tanzania walijifukiza kwa maji ya moto yenye majani na ndimu. Mvuke huleta raha ya pua iliyoziba, lakini haikuthibiti kuwa huua maradhi yale. Na chungu cha maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto kimewaunguza wengi, mtoto hafukizwi.

Je, mtu aliyempa jirani dawa ikamdhuru ana nini? Imepokewa na Abu Daud na Nasai na Ibn Majah kwamba mwenye kujifanya tabibu, na hali hakujulikana kuwa na utabibu, basi huyo ni mdhamini. Wanavyuoni wakasema: mgonjwa akifa kwa dawa yake, hapana kisasi, kwa sababu mgonjwa au walii wake aliridhia, lakini diya ipo. Nia njema haiondoi dhamana. Bibi yule mwenye huruma, na kijana anayeuza mizizi katika basi, na mwalimu wa chuo anayewapa watu kombe na mitishamba pamoja, wote wamo katika Hadithi hii ikiwa hawaijui kazi hiyo. Ama aliyejifunza, akajulikana, akatoa kwa kiasi kinachojulikana, kisha Mungu akakadiria mauti, huyo hadhamini. Na katika Tanzania iko sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili, inayomtaka mganga aandikishwe. Kuifuata ni katika kujulikana huko.

Ama sharti za kuchuma usiku uchi, au kutosema njiani, au kumwaga damu ya kuku chini ya mti, si tiba wala si dini. Jani halina sikio.

Yamebaki mas-ala ya ibada, nayo huulizwa sana na wanawake wa nyumbani.

Maji yaliyotiwa majani yaliyopondwa, ya mrehani au ya mwarobaini, yakageuka sana rangi au ladha au harufu hata yakawa hayaitwi maji tu, ni tohara lakini hayatoharishi. Haufai kwayo udhu wala josho la faradhi. Lakini majani yaliyoanguka yenyewe katika birika kutoka mtini yamesamehewa, kwa kuwa ni taabu kujilinda nayo. Kwa sababu hiyo, maiti anayeoshwa kwa majani ya mkunazi, kama ilivyo sunna, lile osho la mkunazi halihesabiwi kuwa la faradhi. Humiminiwa baada yake maji matupu, nayo ndiyo yahesabiwayo. Wengi wa waoshaji hulisahau hili.

Hina ikibanduliwa, rangi yake haizuii udhu. Lakini unga wake ukiwa bado umeganda, maji hayafiki. Na mwanamume hakuruhusiwa kupaka hina mikononi na miguuni ila kwa haja ya dawa. Jeraha lililofungwa kwa mshubiri au majani, ikiwa laweza kufunguliwa bila ya dhara, hufunguliwa likaoshwa. Ikiwa laogopewa, huoshwa palipo pazima, hupanguswa kwa maji juu ya kitambaa, na hutayamamu.

Mwenye kufunga akimeza mchemsho wa dawa, ijapokuwa tone, kwa kusudi, saumu yake imevunjika. Na mgonjwa anayedhurika kwa kufunga ana rukhsa ya kula na kulipa. Mafuta yaliyopakwa juu ya ngozi hayavunji. Dawa ya tone katika sikio huvunja katika madhehebu yetu, basi ingojewe magharibi. Na kufukiza vilevile ni salama zaidi kukuacha mpaka usiku.

Aliyehirimia hija au umra, kunusa mrehani ni haramu kwake katika kauli iliyo sahihi, maana hutakiwa kwa harufu yake. Lakini karafuu na mdalasini hazikuharamishwa, kwa kuwa hutakiwa zaidi kwa chakula na dawa. Basi chai yake ya mdalasini na ainywe. Nje ya ihramu, mwenye kupewa mrehani asiukatae, ndivyo ilivyopokewa na Muslim, kwani ni mwepesi kuubeba na harufu yake ni njema.

Wala hapana zaka ya mazao katika mboga na mimea hii, kwani kwa Shafii zaka ya mazao ni katika chakula cha kutegemewa kinachowekwa akiba. Lakini anayeifanyia biashara, ikatimia nisabu na mwaka, hutoa zaka ya biashara. Na kuchuma majani ya mti wa mwengine, uliosimama kando ya njia, kwafaa akijua kuwa mwenyewe ameridhia, kama ilivyo desturi ya mitaa mingi. Akishuku, hubisha hodi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.